Milembe, Mwalimu wa Nkoma, Aliyezikataa Sindano

Mwaka umetimia, Milembe, tangu kichomi kilipokuondoa kwetu hapa Nkoma, na babu yako Shigela, uliyemwita Guku, bado hajatulia. Huketi, husimama, hutoka hadi uani, akarudi kabla chai haijapoa. Mama yako Flora humsihi apumzike. Humjibu kwamba amepumzika vya kutosha.

Ulifundisha hesabu kwa sauti ya chini, na watoto walinyamaza ili wakusikie. Hukumchapa mtoto hata mmoja. Babu yako, mwalimu wa zamani wa fimbo na kengele, hakulielewa jambo hilo, ila aliyaona matokeo yake akaacha kukukosoa. Njiani uliwaamkia wazee kwa kupiga magoti, hata magoti yenyewe yalipoanza kukukataa.

Daktari Januarius wa Mwanza alitueleza kwamba kinga ya mwili wako imegeuka na kuishambulia mishipa ya fahamu, na kwamba ugonjwa wako ni wa ile aina isiyopumzika: hauji na kuondoka, huteremka tu. Ilikuwapo sindano ya kuituliza kinga hiyo, na kwa kuwa maduka ya watu binafsi yalikuwa yamekwisha kuruhusiwa kuagiza dawa ng'ambo, ilipatikana. Haitarudisha kilichopotea, alisema. Huenda ikachelewesha kinachokuja, na kwa aina yako hata hilo si hakika. Babu yako alilichukua neno "kuchelewesha" akaja nalo nyumbani. Lile "huenda" aliliacha kwa daktari.

Kila baada ya sindano ulitetemeka kwa homa, ukaingia darasani umeishiwa nguvu. Babu yako alikuamuru uvumilie. Ukamwambia, "Guku, miguu hii haikusoma kwako. Haisimami kwa amri." Alicheka, yeye asiyecheka.

Dawa ilitakiwa kukaa penye ubaridi, na Nkoma hatuna umeme. Kaka yako Marcelo, anayefungasha samaki Lamadi, akaleta sanduku la barafu na kuzipanga chupa kama anavyopanga sangara: barafu chini, barafu kati, barafu juu. Mwezi ule homa ilikoma. Tulimshukuru Mungu kwamba mwili umeizoea dawa, na mama yako akachinja kuku. Kumbe sangara hupenda kuganda, dawa ile haipendi. Ilikuwa imekwisha haribika, nasi tulikuwa tukishangilia maji.

Marcelo alilia. Ulimtania kwamba unamshukuru, walau dawa haikunuka samaki. Kisha, chupa mpya zilipofika, ulimgeukia babu yako.

"Guku, mwezi ule nilifundisha kila siku. Miguu haikuteremka zaidi kuliko miezi ya homa. Sizitaki tena."

"Mwezi mmoja si ushahidi," alikujibu.

"Najua. Lakini ndio niliouishi."

Alifunga sanduku. "Basi, Mwalimu," alisema. Hakuwahi kukuita hivyo kabla ya siku hiyo.

Ukafundisha ukiwa umeketi. Mkono ulipolegea, watoto walikuandikia ubaoni nawe ukawasahihisha kwa maneno, mpaka kichomi kilipokuja.

Babu yako amerudi kwa Daktari Januarius mara nyingi akidai jibu. Je, sindano zingekuongezea siku, au zingeziharibu zile ulizokuwa nazo? Daktari humwambia kwamba kwa aina ya ugonjwa wako, hata wanaoitengeneza dawa hiyo bado wanaulizana. Mzee huyu alifundisha maisha yake yote kwamba swali lisilo na jibu ni swali lililoulizwa vibaya. Ameliuliza kwa kila namna aijuayo.

Unakumbukwa na babu yako Shigela, mama yako Flora, kaka yako Marcelo, dada yako Jenifer, walimu wenzako na watoto wote uliowafundisha. Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani, Nkoma.

Hatutakusahau, Milembe, wala hatutachoka kukuuliza swali lile.