Povu la Kasiksi Kule Kashuga

Jumatatu, Mweso. Mvua inanyesha tangu asubuhi na sijatoka nje. Wa nyumbani wanadhani nasikia baridi. Si baridi, ni hasira.

Jumamosi tulipeleka mahari ya mdogo wangu Bahati kwa wakwe zake, Kashuga. Pombe ilikuwa kazi yangu. Huku kwetu kasiksi, pombe ya ndizi, hupelekwa ndani ya madumu, imetulia tuli kama maji ya mtungi. Mimi nilitaka ya chupa, yenye povu la kusimama juu ya glasi kama bia ya kiwandani. Nilitaka wakwe waseme kwao Bahati kuna watu.

Nikamwita Mama Consolata, rafiki yangu wa miaka kumi na miwili. Kwaya tunaimba bega kwa bega. Tulichuja kasiksi ilipokwisha kuchacha, tukayeyusha sukari kwenye maji ya moto na kuyaacha yapoe. Sukari hiyo si ya utamu. Chachu iliyobaki huila ndani ya chupa iliyofungwa, ikatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo povu lenyewe. Kipimo changu ni vijiko viwili vya maji hayo kwa chupa kubwa. Kijiko alikishika yeye.

"Tuongeze ingine mbili, mama," aliniambia, "bamukwe bashangae."

Nikakubali. Naungama hapa: nilijua ni nyingi. Majivuno tu.

Chupa zilikwenda kwa pikipiki, zikirushwarushwa njia nzima, nami nikafungua ya kwanza bila kuiacha ipumzike. Ikaruka. Povu liligonga mabati, likamwagikia suruali ya baba mkubwa wa bibi harusi, kisha likaendelea kutoka, likatoka tu. Hakuna aliyecheka. Huku, kinywaji kikichemka chenyewe, watu wanawaza sumu.

"Mama, hii pombe inachemka juu ya nini?" mzee huyo aliniuliza sababu, taratibu, bila ukali.

Nikaeleza habari za sukari. Walinitazama kama ninayeongea Kichina. Akasema basi desturi ifuatwe: kila aliyetia mkono katika kuipika ainywe kwanza, mbele ya wote.

"Ulipika na nani?"

Nikamgeukia Mama Consolata. Alikuwa amekumbatia soda yake.

"Miye sikupikaka," akasema. "Nilisafishaka tu machupa."

Miaka kumi na miwili.

Nilikunywa peke yangu, nimesimama, chupa nzima. Waliningoja nianguke. Sikuanguka, lakini hakuna aliyesogeza glasi yake. Mahari walipokea, namshukuru Mungu. Tulipokuwa tunaaga, shangazi wa bibi harusi alimvuta Bahati pembeni na kumwambia kwamba siku ya harusi dada yake asikaribie vinywaji. Bahati akaitikia kwa kichwa. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Hata neno moja hakunitetea.

Najiuliza nani kaniumiza zaidi. Bahati alikuwa anaokoa ndoa yake, na hakuwepo tulipopika. Mama Consolata alikuwepo. Alijua kila kilichoingia mle, mpaka kijiko cha mwisho. Angekunywa funda moja tu, leo ningekuwa mpishi aliyezidisha sukari, watu wananicheka na kusahau. Sasa mimi ni mwanamke wa ile pombe iliyochemka. Jina la namna hiyo haliondoki na mvua.

Mchana wa leo amekuja. Ameingia kwa mlango wa jikoni, kanga yake imelowa, akakaa kwenye kigoda changu kama siku zote.

"Ningesema nini, mama? Bote bangeniangalia miye. Niko na batoto."

Na mimi je, sina watoto? Nilijisemea hivyo moyoni, nikachochea moto.

Akainuka, akaurudisha mlango. Akachukua chupa moja kati ya zile zilizorudi, akaifungua polepole, povu likapanda zuri, jeupe, likasimama juu ya kikombe jinsi nilivyoliota. Akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Iko muzuri sana," akasema.

Nimeandika haya ili nisijidanganye kesho nikimkuta kwaya. Hakuiogopa pombe yangu hata kidogo. Aliogopa kuonekana anainywa.