Kitenge Ambacho Sikukifua

Maman,

Naandika nimekaa jikoni kwenye kigoda chako, karibu na kizimba cha dende wako, simbilisi uliowavusha kutoka Bukavu kwenye kikapu. Tangu shangazi arudi Bweyeye, hapa Kamembe nimebaki mimi na hao majike wanne. Nikifungua mlango wanapiga mluzi kama walivyokupigia wewe. Wananitazama kidogo, halafu wanarudi kwenye majani. Inaniuma, sikufichi.

Nilikosea, Maman. Siku ya kumaliza matanga tulifanya kama inavyofanywa: tukaosha nyumba, tukafua nguo zako zote, tukawagawia ndugu. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaburuta hata kizimba uani. Nikatupa nyasi za zamani, nikasugua mbao kwa sabuni. Nilitaka ufurahi.

Jioni hiyo hiyo wakaanza kufukuzana. Masera, yule mweusi mwenye shingo nyeupe, akasaga meno na kumrukia Kadogo. Na wamelala pamoja tangu wadogo! Asubuhi sikio la Kadogo lilikuwa limechanika. Jirani akapita, akacheka: "Kama banapigana, kula moya, bengine batanyamaza." Nilimfukuza na ufagio mkononi. Sina wengine wa kuwarudia nyumbani.

Ndipo nikakumbuka ulivyonigombeza kila nikishika ndoo: "Usioshe byote siku moya! Banajuana na harufu. Ukiiondoa, banakuwa bageni." Wewe ulikuwa ukiacha nyasi kidogo za zamani, ukizichanganya na mpya. Mimi sikuacha kitu.

Harufu yao ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: kile kitenge ulichojifunga ukiwalisha, ulichobebea majani. Nilikuwa nimekificha chini ya mto, shangazi asikifue, maana ndicho kilichokuwa bado kinanuka wewe. Nilikishika muda mrefu. Nikalia. Kisha nikakichana katikati, nikatandika nusu kizimbani, na majani nikayaweka pembe mbili ulivyonifundisha, asiwepo wa kuyatawala peke yake.

Siku ya tatu niliwakuta wote wanne juu yake, Kadogo katikati, Masera akimlamba lile sikio.

Nusu ya kitenge niliyobaki nayo imeanza kupoteza harufu yako. Kwa hiyo nikitoka kazini nainama kwenye kizimba, navuta pumzi. Mkojo, nyasi, halafu wewe.

Pumzika, Maman. Nakuahidi, sitaosha vyote siku moja tena.

Binti yako,
Furaha