Kikapu Chini ya Muhugu

Jumatatu, 11 Agosti

Baridi. Nimefungua duka, nimetundika madera mlangoni, nimekunywa chai ya tangawizi peke yangu. Mteja wa kwanza kaja karibu na adhuhuri, kauliza bei, kaondoka. Biashara Street nzima imejikunyata.

Zuhura kapiga simu. Matembezi yetu ya msitu wa Karura ni Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Wanawake wale wale wa kila mwaka. Mimi pilau, yeye achari na kachumbari, Mama Brayo jirani yangu wa Uthiru kuku wa kienyeji na kelele. Nikafurahi. Kisha akaongeza, "Na Shufaa anakuja, shoga. Ataleta keki."

Shufaa. Kahamia Kitisuru kutoka Mombasa juzi tu, mumewe kapata kazi. Tayari ana keki.

Alhamisi, 14 Agosti

Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nautaka usomo wa Nasra.

Binti wa Zuhura anaolewa Desemba. Bibi harusi wetu hawi bila somo, mwanamke wa kumfunda na kukaa naye ndani mpaka akabidhiwe kwa mumewe. Nasra nimempakata kitovu hakijaanguka. Mimi nimezaa wanaume watupu. Huyu ndiye binti niliyepewa. Nani mwingine awe somo wake?

Zuhura hajasema neno. Kwetu usomo hauombwi kwa simu. Mama mtu huja na doti ya leso, akakuwekea mapajani, mambo yakaisha. Mapaja yangu yapo. Sijayahamisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimewaona. Zuhura na Shufaa, wameshikana mikono kama wasichana wa skuli, wamepita mlangoni kwangu bila salamu. Wakaingia duka la jirani. Anauza leso. Mimi nauza nini? Leso ninazo mpaka darini!

Wakatoka na furushi la karatasi ya kaki, wanacheka. Nilikuwa nimejificha nyuma ya madera. Mtu mzima na mvi zangu.

Kamnunulia Shufaa leso. Usomo umekwenda. Kwa mtu ambaye Nasra hajajua hata jina la baba yake.

Nimeumia. Mteja kaniomba nimpunguzie, nikamjibu vibaya, kaliacha dera juu ya meza.

Jumanne, 19 Agosti

Zuhura kaja dukani. Tumezungumza bei ya mchele na goti lake. Hakutaja leso, nami sikuuliza. Nikiuliza nitalia.

Lakini Shufaa kamtaja. Shufaa anachora hina. Shufaa ana mkono wa keki. Shufaa ana gari, atatubeba Jumapili. Nikasema nitakwenda na Mama Brayo, asanteni.

Jioni nimepika kwa hasira. Mama Brayo kasikia kutoka kwake, kaja kusimama mlangoni. "Mama Swaleh, kwani umekosana na nani? Hiyo mwiko iko na kesi na sufuria."

Nimemwambia ni uchovu. Si uchovu, ni wivu. Unanila.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimechagua mchele. Nimeomba Jumapili inyeshe. Kisha nikaomba isinyeshe, pilau yangu isije ikalowa.

Jumapili, 24 Agosti

Sina raha ya kuandika lakini nitaandika.

Sufuria niliifunga blanketi, maana msituni hawataki moto. Tumefika na Mama Brayo, tukatandika mkeka mahali petu pa siku zote. Shufaa akashuka garini na miwani ya jua. Jua lenyewe halipo. Nyuma yake Zuhura, mikono mitupu, anatabasamu. Kikapu kilikuwa kimoja tu, kikubwa, kabeba Shufaa.

Akaja moja kwa moja kwangu. "Da Mwanaidi, kikapu nikiweke wapi?"

Kwa adabu. Hiyo ndiyo iliyonikera zaidi.

Kuna mti mmoja mkubwa wa muhugu kando ya uwanja. Kima hushukia pale. Mwaka jana walinibebea mkate wa sinia mzima. Sisi wa zamani twajua, chakula chetu hakibanduki mkekani na mtu mmoja hukilinda. Shufaa hajui. Nikamwonyesha muhugu.

"Pale, mwanangu. Pana kivuli."

Kivuli cha nini, Agosti hii?

Zuhura hakuona, alikuwa anakagua kamba ya mchezo wetu. Tukaanza kuvutana, wazee upande huu, vijana upande ule. Shufaa upande ule. Nimevuta kwa chuki. Nilitaka aanguke, na akaanguka, na akacheka, na wote wakamkimbilia kumwinua. Hata Zuhura, wa timu yangu.

Ndipo Mama Brayo akapiga yowe. "Woi! Wamekuja hawa wakora! Wanamaliza keki!"

Kima wanne watano. Kitambaa cha kikapu kimetupwa, keki ya zafarani inapanda mti vipande vipande. Nikasikia tamu moyoni. Naandika kama ilivyokuwa.

Kisha dume moja likavuta furushi la karatasi ya kaki. Likapanda nalo. Likachana karatasi, likanusa, halikuona chakula, likakunjua kitambaa chekundu tawini. Leso.

Zuhura alishika kichwa. "Leso za Mwanaidi! Shufaa, leso za Mwanaidi!"

Sikuelewa. Nikaelewa. Nikakaa chini kwenye majani.

Alizificha kwa Shufaa kwa kuwa kila mwaka mimi ndiye ninayepekua kikapu chake kabla ya salamu. Kwa jirani alinunua kwa sababu hiyo hiyo. Angeninunulia vipi dukani kwangu?

Mlinzi wa msitu alileta ufito mrefu akaziangua. Moja nzima, moja imechanika pindoni, zote mbili zina keki. Zimeandikwa *Wema hauozi*. Zuhura akazikunja hivyo hivyo, akaniwekea mapajani. "Nifundie mwanangu, shoga yangu."

Nikalia. Wamesema ni furaha. Mama Brayo kanipangusa uso kwa mtandio wangu mwenyewe.

Pilau ilikuwa nzuri. Sikuweza kuila.

Jumatano, 27 Agosti

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Nimefua leso. Doa la zafarani limegoma. Pindo nimelishona kwa mkono, halionekani ukiwa mbali.

Adhuhuri kaja Shufaa, peke yake, bila miwani. Kaleta keki ndogo. Kaniomba radhi. Anasema amana ilikuwa mkononi mwake, kosa ni lake, hakupaswa kuweka kikapu chini ya mti asioujua. Machozi yanamlengalenga. Hakusema nani alimwonyesha ule mti. Labda kasahau.

Nikafungua mdomo nimwambie. Duka lilikuwa tupu. Hakuna mteja wa kunikatiza, simu haikulia.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema.

Kanibusu mkono. Kasema atamchora Nasra hina bure, kwa ajili yangu. Nikampa kiti. Tukala keki na chai ya tangawizi, tukitazama mvua.

Keki ni tamu. Mimi sijawahi kuoka keki kama ile.