Dirisha la Kijani

Mdogo wangu,

Mama hajambo, goti limepoa, na anakuulizia kila siku. Mimi usingizi umenikimbia.

Mchezo wetu wa kompyuta uliibwa siku mbili kabla haujaingia sokoni. Kufuli la kuzuia nakala za wizi, nililolihangaikia miezi minane, linawagomea walionunua kihalali, wezi wanacheza raha mustarehe. Bosi anamshuku mchoraji wetu, na jana kamsimamisha kazi. Alikusanya penseli zake akaondoka.

Sasa nisikilize. Kila nakala ya majaribio niliipa dirisha la rangi yake kwenye chumba cha kwanza, ili ikivuja nijue imetoka kwa nani. Rangi hizo nazijua peke yangu. La mchoraji ni jekundu. Wewe hukustahili nakala. Nilikupa kwa siri kwa sababu ulinisihi, nikalipaka lako kijani.

Nimeifungua nakala ya wizi. Dirisha ni la kijani.

Jumatatu naingia kwa bosi, na nitaanza kwa kujitaja mimi. Ukitaka kujitaja mwenyewe kabla sijakutaja, ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Dada yako