Kioo Kilichoungua

Nyumbani kwa Mama,
Jumamosi asubuhi.

Kaka yangu,

Salamu kwanza, kwa sababu mama amekaa hapa pembeni anamenya viazi na ameshaniuliza mara mbili kama nimekusalimia. Basi nakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili. Naamini wewe, wifi na watoto hamjambo pia. Waambie shangazi yao anawakumbuka, na ule mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano nimeubandika juu ya kitanda. Mama goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, macho bado mazuri, ulimi ndio mzima kuliko vyote. Hayo ndiyo ya heri. Kwa yaliyobaki, kaa kitako.

Barua yako ya Jumatano nimeipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili damu ilinichemka. Unasema nimekuaibisha. Unasema ulinitafutia kazi ile kwa kujishusha mbele ya watu, ukanikabidhi mashine ambayo idara nzima inayo moja tu, na mimi kwa uzembe nikaacha mchoro kwenye kioo tangu Ijumaa hadi Jumatatu mpaka kioo kikaungua. Unasema hata mtoto wa darasa la tatu angekumbuka kuzima. Kurasa mbili nzima, kaka, na hakuna mahali ulipouliza huo mchoro ulikuwa wa nini.

Unanifundisha habari za kompyuta ile kana kwamba siku unaileta sikuwepo. Nilikuwepo. Wanaume wanne waliibeba, na wa nne alikuwa wewe, tai imetupwa begani. Ilikaa juu ya meza yangu ikaijaza: kioo, vitufe na tundu la kanda ya kuhifadhia namba, vyote mwili mmoja. Mpiga chapa alizunguka nyuma kutafuta waya wa antena, akauliza taarifa ya habari ni saa ngapi. Tulicheka mpaka mkuu wa ofisi akatoka chumbani kwake. Tukaipa jina la Bibi Harusi, maana kila jioni tulikuwa tunaifunika shuka jeupe.

Wewe ndiye uliyenikalisha mbele yake na kunifundisha. Ulinionyesha jinsi ncha ya mwanga inavyochora mstari mara moja tu, halafu mstari unabaki kwenye kioo wenyewe, wa kijani, hauchezi. Ukaniambia ubaya wake ni kwamba ukikosea huwezi kufuta kipande. Unafuta ukurasa wote, kioo kinamulika kijani kitupu, unaanza upya. Na ukaniambia, ukinyoosha kidole kama mwalimu, nisiuache mchoro ukae zaidi ya robo saa, kwa sababu kioo kitaushika na hakitauachia tena. Mashine yenyewe inajilinda, ulisema. Usipoigusa inafifisha mwanga, ukigusa kitufe unarudi. Nilikusikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote. Nilijivunia sana siku ile kuwa mdogo wako.

Sasa twende kwenye tangi lako la maji. Nasema lako kwa sababu wewe mwenyewe unaliita hivyo, na kwa sababu ndilo lililokupandisha cheo. Lipo pale pale juu ya kilima, na nyumba hii ninayoandikia ipo chini yake, na mtaa wote uko chini yake: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, yule mama wa mapacha. Kila mwisho wa mwezi Mzee Kamba alipanda na darubini yake ya kupimia, akapima ukuta wa upande wetu umeinama kiasi gani, akashuka na daftari, akanisomea namba na mimi nikaziingiza kwenye mashine. Unamjua Mzee Kamba. Amepima ardhi na kuta tangu sisi hatujaanza shule, na utepe wa kupimia haujawahi kumtoka shingoni. Milimita mbili. Tatu. Tatu. Nne. Mstari ulikuwa umelala vizuri, nami nilikuwa napanda nyumbani kwa mama kula bila wasiwasi wowote.

Kisha ikaja tisa.

Ulipiga simu mchana, nikaitwa kwenye meza ya mkuu kukupokea. Ulinisemesha kwa sauti ile uliyokuwa ukiitumia utotoni ulipotaka nikufichie jambo kwa baba. Ukasema Mzee Kamba macho yamechoka, ukuta wa saruji hauruki kutoka nne kwenda tisa kwa mwezi mmoja, na tisa ile ikionekana kamati ya ukaguzi itaanza kuuliza maswali ya kipuuzi wakati maji yanahitajika. Ukasema niweke nne. Nilirudi mezani, nikabonyeza kitufe cha kufuta, ule mwanga wa kijani ukanipiga usoni, nikachora upya na nne. Kwenye kanda pia nikaweka nne. Sikubishana nawe hata kidogo, maana wewe ni kaka yangu na ulisomea uhandisi.

Kwa mchoro ule, kaka, waliruhusu maji yapandishwe kutoka theluthi hadi nusu ya tangi. Mwezi uliofuata Mzee Kamba alishuka kilimani na kumi na nne. Uliofuata, ishirini na moja. Aliingia ofisini akiwa hajavua hata kofia, akafungua daftari mbele yangu, akaniuliza ile tisa yake ilienda wapi. Nilijitia hamnazo. Akanitazama tu, akaniambia yeye macho yake yanaona mpaka kinachotokea ndani ya ofisi. Natamani angenitukana.

Ukapiga simu mara ya pili, na mara hii hukubembeleza. Ukaniambia zote tatu ziwe nne, kanda irekebishwe, na kwamba kamati ya ukaguzi inakutana Alhamisi, wiki mbili zijazo. Nilikuuliza kama umekuja kuuona ukuta kwa macho yako. Ukasema huna muda wa kupanda vilima. Nikakwambia mama anakaa pale chini. Ukasema, na neno hili nimelala nalo na kuamka nalo, kwamba nisichanganye mambo ya familia na mambo ya kazi.

Mama je? Mama alikuwa amekitundika cheti chako ukutani, kile kinachosema tangi ni salama, chenye saini yako ndefu kama mkia wa kishada. Ilikuwa picha ya baba, saa, halafu cheti. Mzee Kamba alipokuja kumshauri ahamie kwa mama mdogo kwa muda, mama alimpa chai, akamwonyesha cheti, akamwambia hawezi kuogopa kulala chini ya saini ya mwanawe. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika birika, nikaimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Sasa nije kwenye huo uzembe wangu. Jumatatu ile mkuu wa ofisi aliliona jambo kabla sijapata la kusema. Yeye mchoro na utando wa buibui kwake ni kitu kimoja, kwa hiyo alichoona ni uchafu tu. Aliita watu, akanisema mbele ya mpiga chapa na mfagiaji, akaniuliza kama nyumbani kwetu pia tunaacha moto jikoni. Akakuandikia kwamba kioo kimepata doa. Mimi akanihamishia stoo, ambako tangu siku hiyo nahesabu mabomba na kupiga chafya. Kanda yako lakini nilikuwa nimeshairekebisha kama ulivyoagiza: nne, nne, nne. Halafu ukaja na barua yako ya kurasa mbili, na chini kabisa ukaandika kwamba doa au bila doa, mashine iletwe, kwa sababu wajumbe wa kamati makaratasi wameyachoka na wanataka kuuona mstari ukichorwa mbele ya macho yao.

Kaka, sikusahau kuzima.

Ijumaa ile niliwasubiri wote watoke. Mzee Kamba alikuwa ameniachia daftari lake, nami, bila kuigusa kanda, nikaziingiza namba zote upya kama alivyoziandika, na ile tisa nikairudisha mahali pake. Nikachora. Ulipanda mstari ule, kaka, ukapanda vibaya. Juu yake niliandika jina la tangi, chini yake miezi, na pembeni ya kila nukta namba yake. Nikakaa nautazama. Mwanga ulipoanza kufifia nikagusa kitufe, ukarudi. Ukafifia tena, nikagusa tena. Ndipo nikachukua stepla ya mpiga chapa, ile nzito ya chuma, nikailaza juu ya kitufe ili usififie tena. Nikaifunika mashine shuka lake jeupe, nikafunga mlango, nikaenda kwa mama kula. Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika. Stepla niliirudisha mahali pake, nikabonyeza kufuta, kioo kikamulika kijani kitupu kama ulivyonifundisha. Kilipotulia, mstari ulikuwa bado upo.

Mashine ikiwa imezimwa huoni kitu. Ikipata moto unaanza kuuona taratibu, hafifu, na chochote utakachochora kitakuwa juu yake. Utaweka kanda yako, mstari wako utalala vizuri pale chini, na huu mwingine utakuwa unapanda nyuma yake na namba zake. Hakuna kitufe cha kuufuta, na wewe ndiye uliyeniambia hivyo. Imeshafungwa kwenye sanduku na mabaki ya vitambaa, inaondoka kwa lori Jumatatu. Barua hii nampa dereva mkononi, vifike kwako pamoja.

Najua utafikiria nini, maana nakujua. Utasema imevunjika njiani. Sema. Mzee Kamba ana daftari lake, nakala ya kurasa zake ipo kwenye bahasha hii, na Alhamisi mimi na yeye tutapanda basi la alfajiri tukae nyuma ya chumba hicho cha mkutano. Ningeweza kumwandikia mwenyekiti wa kamati leo hii nikamaliza. Nimeshika kalamu mara tatu kufanya hivyo. Nilichotaka ni kwamba uyaseme wewe, kwa mdomo wako, kabla kioo hakijapata moto. Nami nitasimama niseme kwamba nne ya kwanza ilikuwa ya mkono wangu. Wakinifukuza, wanifukuze. Nina hasira na wewe, kaka, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu ningekataa kuifuta ile tisa siku ile ya kwanza, maji yasingefika nusu.

Jana nilimweleza mama yote. Nilidhani atanipigia kelele au atalia. Badala yake akasogeza kiti, akapanda juu yake na goti lake lile bovu, akakataa nisimshike, akakitoa cheti chako ukutani. Akakipangusa vumbi kwa kiganja. Utakikuta ndani ya bahasha hii, kimekunjwa mara nne, na amekikunja yeye.

Lakini kuhama amekataa. Neno langu hataki, la Mzee Kamba hataki. Anasema mhandisi wake ni mmoja na anamngoja. Amesikia kwamba kamati ikiridhika Alhamisi, Ijumaa watafungulia maji mpaka tangi lijae, na ameniambia nikuulize swali moja, ambalo anataka ulijibu kwa mdomo na si kwa barua. Nimeliandika kama alivyolitamka, bila kuongeza wala kupunguza: Ijumaa wakishafungua maji, mwanangu, mimi nilale wapi?

Viazi vimeshaiva na ananiita. Msalimie wifi, wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na nakutakia afya njema, kwa kweli nakutakia.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hakusahau.