Jina Lako Limeziba Pengo

Yorum, 3 Agosti

Shemeji,

Ndege imerudi ilikotoka. Dada Mepi hakupanda. Nimeanza na hilo maana najua ndilo unalotaka. Salamu ndiyo hizi sasa: mimi mzima, mama mzima, viazi vimeshika vizuri shambani. Wewe je, na kazi ya bandarini? Kifua kimeacha kukusumbua?

Mtoto bado kalala upande tumboni. Nesi Dorkas anasema uchungu ukianza huku, yeye hana la kufanya. Ndiyo maana tuliita ndege ya misheni imlete hospitali huko.

Sasa sikiliza, usikasirike kabla hujafika mwisho. Unajua jina lako ndilo la kile kitu cheupe kinachopanda kutoka mtoni na kuziba milima. Jina la shemeji ni mwiko, basi tangu umwoe dada sijalitaja, si kwa lugha yetu si kwa lugha ya redio. Rubani wa zamani alinizoea, nikisema "nyeupe" anaelewa. Leo kaja mpya.

"Nyeupe imejaa," nikamwambia redioni. Pengo la milimani ndiyo njia pekee ya kupita, unalijua.

"Safi sana. Naingia."

"Nyeupe imejaa!"

"Nimekusikia, kijana. Asante."

Mzee Sekum wa kanisa yuko nyuma yangu, ananipigia kelele sikioni. "Kesuo, mwambie kuko wazi! Tumefunga, tumeomba. Ndege ikishaingia Bwana atapasua njia. Imani yako iko wapi?"

Mlio unakaribia, milima siioni. Nikalitaja jina lako. Mara tatu, kwa nguvu. Mama akajifunika uso. Ndege ikageuka.

Sasa watu wananipita bila salamu. Sekum kasema kanisani kwamba nimefunga mlango ambao Mungu alikuwa anaufungua. Mimi mbele za watu siwezi kusema, unanijua. Ila naona hivi: Mungu hajanituma nimwambie rubani juu ya anga nisiloliona. Kanipa macho, nimesema kilichopo. Saa yake ikifika atafungua mwenyewe, bila mimi kumsukuma mgongoni. Ndivyo ninavyojiambia. Halafu namsikia dada anaguna akijigeuza, naogopa hata kuomba.

Mwalimu anateremka kwa miguu mpaka barabarani, ndiye anabeba barua hii.

Shemeji yako mdogo


Yorum, 7 Agosti

Shemeji,

Umeamkaje huko? Hujajibu. Labda barua iko njiani, labda umeisoma ndiyo maana.

Kila asubuhi nawasha redio nasema lile lile. Jana dada alitoka nje, akashika kiuno, akaangalia mlimani. Akaniambia, "Mwambie shemeji yako ashuke hapo juu aje alale kwake. Kuziba njia tu ndiyo kazi anayoiweza!" Watu wakacheka, hata Sekum kidogo.

Baadaye akaniuliza taratibu kama naamini ndege itakuja. Nikamwambia naamini Mungu anatuona. Ndege sijui. Akasema basi, kwa leo hilo linamtosha.

Andika hata kama ni matusi.

Shemeji yako mdogo


Lae, 8 Agosti

Shemeji,

Salamu sina. Umefukuza ndege iliyokuja kumchukua mke wangu, na jina langu umelipiga redioni bonde zima likisikia. Mepi akifa, usiniite shemeji tena.

Hayo niliyaandika jana nikashindwa kuyatuma. Leo tarehe 9 nimeenda uwanja wa ndege kumtafuta huyo rubani nimgombeze. Kumbe kijana tu. Alidhani "nyeupe" ni zile mbao nyeupe za kando ya uwanja wa huko, kwamba umezipanga vizuri. Alikuwa keshainamisha bawa kuingia.

"Niliposikia ukungu, nikavuta usukani kupanda juu," akaniambia. "Mwamba ukapita chini ya magurudumu."

Nikakaa chini pale pale kwenye lami, mimi Ukungu mzima. Hasira ninayo, ila sijui nimpe nani. Jina nimekusamehe, lakini kuku wa faini namtaka, usijifanye umesahau.

Barua nampa rubani. Atajaribu kila asubuhi. Mimi naenda kukaa mlangoni pa hospitali. Maombi marefu yamenishinda, naomba anga tu.

Mama hajambo? Mwambie Mepi niko hapa.

Shemeji yako


Yorum, 11 Agosti

Shemeji,

Naandikia juu ya pipa la mafuta, usicheke mwandiko. Mama hajambo. Salamu zako zimefika, na zile ulizoninyima pia.

Uchungu umemwanza dada alfajiri. Nikakimbilia redio, pengo limejaa. Sekum akaja, nikajikaza nikingoja maneno yake.

Akauliza, "Unaona nini, mwanangu?"

"Imejaa, mzee."

Akakaa kwenye matope kando yangu. Ndani mama anamkanda dada mgongo, na dada anakutukana wewe na ukoo wako wote. Tukangoja. Sekum aliomba midomo ikicheza tu, sauti hakutoa.

Upepo ukageuka. Nikaona mti mmoja juu ya pengo, halafu ukingo wote wa mlima. Nikasema, "Wazi." Sauti ilinitoka kama ya mtoto. Na kweli ndege ikaja ikatua.

Sikudanganyi, sijui kama tumewahi. Dorkas anasema bado ni hatari. Nilidhani pengo likifunguka woga wangu utaisha. Haujaisha, shemeji. Lakini Aliyetufikisha asubuhi hii sioni kwa nini atuache katikati ya milima.

Dorkas ana mgonjwa mwingine, habanduki. Rubani anataka mtu wa kumshika dada njiani, na dada kasema ni mimi. Sijawahi kupanda. Redio namwachia Sekum, nimemwambia aseme anachokiona. Barua hii utaipokea mkononi mwangu, maana nikikuona mdomo utajifunga.

Naacha hapa. Rubani anasema pengo limeanza kuziba tena, na dada amenyoosha mkono, ananiita.

Shemeji yako mdogo