Kiti cha Mgeni Rasmi

Kitindamimba wetu,

Dawa ya kuchua uliyonitumia imefika, na harufu yake imewahamisha mende wote jikoni. Kwa hilo nashukuru.

Unanishauri nikubali yaishe. Hayaishi. Mkuu wa idara aliniita ofisini, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, nikajua hapa pana jambo. Akasema, "Profesa, kidole chako kidogo hakinyooki tena. Kwenye onyesho la mwaka huu kaa mbele kama mgeni rasmi, waachie vijana wapige." Nikamwambia nyumbani kwangu mimi si mgeni.

Nikajifungia darasani na fidla yangu, nikaupanga upya wimbo mzima kwa vidole vitatu. Pale kidole kidogo kilipokuwa kikifika kwa kunyooka tu, sasa mkono wote unateleza juu ya uzi, na sauti inalalama njiani. Nilidhani wanafunzi watanicheka. Juzi nimewakuta wote wanateleza, vidole vyao vidogo, vizima kabisa, wamevikunja viganjani. Nikawagombeza. Wakanijibu, "Lakini Mama, wimbo si ndivyo unavyopigwa?"

Sikufichi, asubuhi nashindwa hata kufunga vifungo vya blauzi. Mama yetu usimwambie.

Onyesho ni Jumamosi, na mpigaji ni mimi. Kile kiti cha mgeni rasmi bado kipo pale mstari wa mbele, kina kitambaa chekundu na hakina mtu. Njoo ukikalie wewe.

Dada yako,
vidole vitatu, mdomo mzima